Somo: Kukitambua, kukisafisha na kukitunza kisu cha kukunja cha Sheffield chenye mpini wa pembe

Nikikutana na kisu cha zamani cha Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu, kikiwa kimeharibika, mara nyingi aliyekiharibu ni mtu aliyekipenda. Alikirithi au alikinunua mnadani, akataka king'ae, akakipitisha kwenye mashine ya kunolea, kisha akakiloweka kwenye maji ya moto yenye sabuni. Wiki chache baadaye pembe imejikunja, mhuri wa kiwanda umefutika na bapa, yaani sehemu ya kukatia, limekonda. Somo hili nimeliandika ili kumwahi mtu huyo. Kazi ni ya jioni moja tu, na sehemu kubwa ya ustadi ni kujua pa kuacha.

Andaa mafuta ya cherehani, vijiti vya meno, mswaki laini uliochakaa, kitambaa cha pamba, sufi ya chuma laini kabisa (yenye namba 0000), mafuta meupe ya madini yanayouzwa famasi (si mafuta ya taa), nta kidogo ya nyuki na kinoo.

Hatua ya 1: Kisome kabla ya kukisafisha

Fungua bapa taratibu, uangalie shina lake, pale linapoingia kwenye mpini. Hapo ndipo kiwanda kilipopiga mhuri. Kisu cha Joseph Rodgers & Sons kina nyota na msalaba wa Malta; cha George Wostenholm kina I*XL. Alama hizi zililindwa kwa wivu mkubwa. Chama cha mafundi wa visu wa Hallamshire, yaani Sheffield na viunga vyake, kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, na moja ya kazi zake kuu ilikuwa kuhakikisha fundi hapigi alama ya mwenzake. Mhuri huo ni wa kina kidogo sana, kwa hiyo dakika moja ya msasa inatosha kuufuta moja kwa moja. Upige picha kwanza, mwanga ukitokea ubavuni.

Chunguza pia chuma. Visu vya karne ya 19 ni vya feleji ya kaboni, iliyotokana na ufundi wa Benjamin Huntsman, mtengeneza saa ambaye katika miaka ya 1740 aligundua namna ya kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo ikatoka safi na ya aina moja. Chuma kisichoshika kutu kilikuja baadaye, kwa kazi ya Harry Brearley mwaka 1913, huko huko Sheffield. Ukiona bapa lina rangi ya kijivu yenye vivuli vya bluu, hiyo ni feleji ya kaboni iliyokatia matunda na nyama miaka mingi. Rangi hiyo si uchafu. Iache.

Hatua ya 2: Hakikisha mpini ni pembe kweli

Pembe ya ng'ombe, nyati wa kufugwa wa Asia au kondoo dume imeumbwa kwa keratini, kitu kile kile kilicho kwenye kucha na nywele zetu. Ndani haina vitundu. Ishike mbele ya taa: kwenye kingo nyembamba mwanga hupenya kidogo, na mara nyingi utaona michirizi ya kijivu, ya asali au ya kijanikijani ndani ya weusi.

Mfupa huonyesha vidoadoa na vistari vidogo vya vinyweleo. Pembe za kulungu, zile zenye matawi, kwa asili ni mfupa: nje zina magamba kama ya mti, ndani ni sponji. Hapa wengi hudanganyika, maana mafundi wa Sheffield walizoea kupasha moto pembe ya kawaida na kuikandamiza kwenye kalibu mpaka ikafanana na ya kulungu. Ukiona magamba ya mpini yanarudia mchoro ule ule pande zote mbili, hiyo ni kazi ya kalibu.

Wapo watakaokuambia uichome kwa sindano ya moto ili unuse. Msifanye hivyo. Mipini mingine ni ya seluloidi, plastiki ya zamani ambayo hushika moto kwa kasi ya kutisha, na hata kama ni pembe, kovu litabaki. Sugua mpini kwa kidole gumba mpaka upate joto, kisha nusa. Pembe itatoa harufu hafifu ya nywele. Seluloidi itanukia kafuri. Kikinukia kafuri, kitenge na visu vingine, kwa kuwa seluloidi inapooza hutoa gesi inayokula vyuma vilivyo jirani.

Hatua ya 3: Egemeo na springi

Hapa ndipo uhai wa kisu ulipo. Kisu cha namna hii hakina kufuli. Springi ya mgongoni hubana shina la bapa, na umbo la shina ndilo linaloamua kisu kisimame wazi au kifungwe. Kikiwa na afya, kinafunguka kwa mvuto ule ule mwanzo hadi mwisho na kinaita "tak!" safi kinapofika mahali pake.

Tia tone moja la mafuta ya cherehani pande zote mbili za egemeo, yaani pini ambayo bapa huizunguka linapofunguka. Fungua na ufunge mara kadhaa. Mafuta meusi yatatoka; yafute, tia tone jingine, endelea mpaka yatoke meupe. Kwa kijiti cha meno toa nyuzi za mfukoni na vumbi lililogandamana kwenye mfereji linapolala bapa. Bapa likigoma, usivute kwa koleo. Acha mafuta yapenye usiku kucha, asubuhi jaribu tena.

Unapofunga, liongoze bapa kwa vidole mpaka mwisho. Ukiliachia, kwenye visu vingi makali hupiga springi kwa ndani na kujikunja pale pale.

Sauti hiyo ya springi inanigusa kuliko mapambo yoyote. Viwandani kazi iligawanywa: mmoja alifua bapa, mwingine alilisaga kwenye jiwe kubwa, mwingine aliunganisha kisu. Wasagaji wengi walikufa mapema kwa vumbi la mawe lililojaa mapafuni. Stan Shaw, aliyeanza kazi akiwa na miaka 14 katika kiwanda cha George Ibberson na kufariki mwaka 2021 akiwa na miaka 94, alikuwa mmoja wa wachache walioweza kutengeneza kisu kizima peke yao, kwa mkono. Rodgers waliwahi kuunda kisu chenye mabapa 1,822 kwa ajili ya mwaka 1822, na kingine chenye mabapa 75 kwa Maonyesho Makuu ya London ya 1851. Ni maajabu, lakini kipimo cha fundi mimi nakitafuta kwenye kisu cha bapa moja kinachofunguka vizuri.

Hatua ya 4: Bapa

Kutu nyekundu ndiyo adui. Paka mafuta, acha saa moja, sugua taratibu kwa sufi ya chuma ukifuata urefu wa bapa. Usiukaribie mhuri. Usitumie siki wala ndimu. Vitaondoa kutu, lakini na ile rangi ya kijivu vitaichukua.

Hatua ya 5: Pembe

Ifute kwa kitambaa kilicholowa kidogo tu, kisha kikavu. Dondosha mafuta meupe ya madini kwenye kitambaa, si kwenye mpini, upake utando mwembamba. Siku ya pili futa yote yaliyobaki juu, malizia na nta kidogo. Hiyo inatosha kwa miezi. Pembe hainywi mafuta kama ngozi. Faida kubwa ya utando huu ni kupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, kwa kuwa ni unyevu ndio unaoifanya ivimbe, isinyae na kupasuka kwenye ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikilia vibao vya mpini.

Hatua ya 6: Kunoa

Kwa mwanafunzi, bapa zuri kuliko yote ni lile la mguu wa mwanakondoo, ambalo ni asili ya Sheffield: makali yamenyooka kabisa, mgongo unashuka taratibu kuelekea ncha. Makali yote yanakaa kwenye kinoo kwa wakati mmoja. Shika nyuzi 15 hadi 20 kila upande, tumia jiwe laini, na simama kabla ya kufika shinani.

Kisha kitumie. Kisu kinachokaa mfukoni na kumenya machungwa hufunguliwa, hufutwa na kutazamwa. Cha kabatini hugunduliwa kikiwa kimeshaoza.

MASWALI YA WANACHAMA

Tanga: Shikamoo mwalimu. Huku mafuta ya nazi ndiyo tuliyonayo. Yanafaa?

Marahaba. Kwenye pembe, utando mwembamba kabisa, ndiyo. Kwenye egemeo, hapana, wala ya alizeti wala ya zaituni. Mafuta ya kula hukaa yakawa gundi. Na kwa hewa ya chumvi ya pwani, futa bapa kila baada ya kazi na urudishie mafuta ya madini.

Muscat: Kaka, kibao kimoja cha pembe kimenyanyuka katikati, unapitisha ukucha. Nyumba ina kiyoyozi mchana na usiku. Nikigonge ribiti kikae?

Usigonge, ndugu yangu! Pembe iliyokauka na kujikunja ukiilazimisha itapasuka. Hamishia kisu mbali na upepo wa kiyoyozi, kwenye boksi lililofungwa pamoja na kipande cha sponji chenye unyevu kidogo kisichogusa kisu, bapa likiwa limepakwa mafuta. Angalia kila siku. Baada ya wiki kadhaa mara nyingi hurudi kiasi. Isiporudi yote, ishi nayo. Uwazi kidogo haukizuii kukata.

Nairobi: Changu cha Rodgers kina herufi V na R zikiwa na taji katikati, lakini hakuna neno "England". Nimewahi kusikia hilo lina maana.

Lina maana, mzee wangu. V na R ni za Malkia Victoria, aliyetawala 1837 hadi 1901. Na sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa zinazoingia huko zitajwe nchi zilikotoka, ndipo viwanda vya Sheffield vikazoea kuongeza "England". Kukosekana kwake si ushahidi kamili, maana sheria ilihusu soko la Marekani, ila ukiweka dalili hizo mbili pamoja unaweza kukisia kwa haki kwamba ni cha kabla ya miaka ya 1890.

Mbarara: Mwalimu, huku kwetu pembe za ng'ombe wa Ankole zimejaa. Naweza kutengeneza vibao vipya kwa kisu kilichopoteza vya kwanza?

Sana, na zitapendeza. Chukua vibao vyote viwili kwenye pembe moja ili rangi zikubaliane. Kata sehemu nene, chemsha mpaka ilainike, bana kati ya mbao mbili zilizonyooka na uache ipoe ikiwa imebanwa. Kisha subiri. Pembe mbichi ikifungwa kwa ribiti leo, mwezi ujao itakuwa imesinyaa; iache ikauke miezi kadhaa kivulini. Toboa tundu kubwa kidogo kuliko ribiti, na vaa barakoa unaposaga. Baki kwenye mifugo. Pembe za wanyamapori zinalindwa na sheria nchi zote za kwetu, hata ukiziokota.

Leicester: Dada yenu hapa. Nimeachiwa na marehemu baba kisu cha mpini mweupe, nadhani ni pembe ya ndovu. Naruhusiwa kukiuza? Na kingine nilicho nacho, chenye mpini wa pembe nyeusi, naweza kutembea nacho kwenye mkoba?

Pole kwa msiba, dada. Pembe ya ndovu ni jino, na sheria yake ni tofauti kabisa. Uingereza ilipitisha sheria ya pembe za ndovu mwaka 2018, ikaanza kutumika 2022: kuuza ni marufuku isipokuwa kwa misamaha michache inayohitaji kusajiliwa. Kukimiliki au kumpa mwanao si kosa. Na ningekitunza, kwa sababu pembe nyingi zilizoingia London enzi hizo zilipitia Zanzibar, baada ya kubebwa mabegani kutoka bara.

Kuhusu cha pili: huko kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3, unaruhusiwa kutembea nacho bila kuulizwa sababu. Usiingie nacho shuleni, mahakamani au kwenye ndege.

Dodoma: Nimeona vitundu vidogo kwenye pembe, kama vya sindano, na unga chini yake. Ni nini?

Wadudu. Viluwiluwi vya nondo na vya mende wa ngozi hula keratini, na hupenda droo yenye giza isiyoguswa. Paka bapa mafuta, funga kisu kwenye mifuko miwili ya plastiki ukitoa hewa, kiweke kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka kipate joto la chumba, la sivyo maji yatagandia kwenye chuma. Vitundu vijaze kwa nta nyeusi. Na droo yenyewe ifyonze vumbi kabla ya kukirudisha.