Somo: Kurejelea vyanzo kwenye utafiti kwa mtindo wa APA

Kwanza ulizia mtindo unaotakiwa: APA, MLA au Chicago. Usiichanganye. Hapa nafuata APA, toleo la 7 (2019).

Hatua ya 1. Ukishika kitabu, andika taarifa zake kabla hujaanza kusoma: mwandishi, mwaka, kichwa, mchapishaji. Ukinakili sentensi, andika na ukurasa. Niliwahi kupekua kitabu kizima upya, siku mbili, kutafuta sentensi moja niliyoinukuu bila ukurasa.

Hatua ya 2. Ndani ya matini: (Fulani, 2018). Ukinukuu neno kwa neno: (Fulani, 2018, uk. 45). Waandishi wakiwa watatu au zaidi, taja wa kwanza tu, tangu mara ya kwanza: (Fulani na wenzake, 2018).

Hatua ya 3. Orodha ya marejeleo. Kitabu:

Fulani, A. (2018). *Kichwa cha kitabu*. Mchapishaji.

Mji wa mchapishaji hauandikwi tena, ingawa bado naukuta kwenye kazi nyingi. Makala ya jarida:

Fulani, A. (2020). Kichwa cha makala. *Jina la Jarida*, *12*(3), 45–60.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mlazo (herufi zilizolala) umehama: kichwa cha makala kimesimama wima, jina la jarida ndilo limelala pamoja na namba ya juzuu, 12. Toleo, 3, liko kwenye mabano bila mlazo, tena limegandana na juzuu bila nafasi. Makala ikiwa na DOI (namba ya kudumu inayoitambulisha mtandaoni), iweke mwishoni kama kiungo kamili, bila nukta baada yake.

Hatua ya 4. Shika kalamu, pitia kila mabano ya ndani na utie alama kwa mwenzake kwenye orodha. Asiye na mwenzake, mtafutie au mwondoe.

Maswali

*Mwalimu, chanzo hakina mwaka, nifanyeje?*
Andika (Fulani, h.t.), yaani hakuna tarehe. Usikisie mwaka.

*Nimekuta hoja ya A ndani ya kitabu cha B. Nimrejelee nani?*
Kitafute cha A ukisome. Kikikosekana kabisa, andika: A (kama alivyonukuliwa na B, 2018). Kwenye orodha anaingia B peke yake, maana ndiye uliyemsoma.

*Natumia Zotero, programu ya kupanga marejeleo, bado nihangaike na haya yote?*
Itumie, inaokoa muda mwingi. Lakini taarifa ikiingia na kosa, inatoka na kosa hilohilo. Majina ya waandishi yakague moja moja.