Somo: Kahk za Idi, vile wanavyopika ukweni kwangu Misri

Wale mnaoulizia vile vibiskuti vya Misri vyenye sukari nyeupe juu, vinaitwa kahk, haya leo naweka somo zima. Nimefundishwa na mama mkwe, yeye kafundishwa na mamake, na kwao hakuna anayepima kitu, vipimo hivi nimewabana sana mpaka nikavipata kwahiyo msivichezee.

Kule zile siku za mwisho za Ramadhani, wakishafuturu, wanawake wa nyumba wanakaa chini wote, bibi anachanganya, wakubwa wanajaza, watoto wanapewa kile kikoleo cha bati cha kubania michoro (mon'ash), alafu zamani masinia yalibebwa kupelekwa tanuri la mtaani. Sio mambo ya jana, enzi za Wafatimi, watawala wa zamani wa Misri, dola ilikuwa na nyumba yake maalum ya kupikia vitamu vya Idi, Dar al-Fitra. Siku hizi wengi wananunua dukani kwa kilo, mimi za dukani sizipendi, sukari nyingi samli hamna.

Vitu: unga wa ngano kilo 1, samli gramu 600, ufuta uliokaangwa vijiko vikubwa 2, hamira kijiko kikubwa 1, sukari kijiko 1, chumvi kidogo, maziwa vuguvugu kama kikombe 1, viungo vya kahk kijiko kikubwa 1. Hivyo viungo Misri vinauzwa vimeshasagwa, ndani kuna mahlab (kiini cha kokwa za cheri), shamari, mdalasini, karafuu, kungumanga. Ukikosa mahlab tia iliki, haifanani lakini inanukia vizuri.

1. Changanya unga, ufuta, viungo, chumvi na sukari. Chemsha samli, imwage kwenye unga ikiwa moto kabisa, koroga na mwiko, sio mkono jamani.

2. Ikipoa FIKICHA. Hapa ndo kazi yote ilipo. Chukua unga kidogo kidogo usugue katikati ya viganja, dakika 10 au zaidi, mpaka kila chembe ya unga inywe samli na ukiufumbata unashikana. Ukiruka hapa hutapata kahk ya kuyeyukia mdomoni, utapata biskuti tu.

3. Koroga hamira kwenye maziwa, mimina kidogo kidogo huku unakusanya kwa vidole. USIKANDE, sio chapati hii, ukikanda unga unavutika na kahk inakuwa ngumu. Ukishikana acha maziwa hata kama yamebaki. Funika saa 1.

4. Kujaza: tende iliyopondwa na samli na mdalasini. Au agameya, samli na unga vijiko 2 2 unakaanga kidogo, asali nusu kikombe, ufuta, koroga mpaka iwe nzito, ipoe, utengeneze vigololi.

5. Fanya viduara kama limau dogo, toboa, jaza, funga, bonyeza kidogo, bana michoro. Oka nyuzi 180 za Celsius, dakika 15 mpaka 20, chini iwe kahawia, juu ibaki nyeupe nyeupe.

6. Ziache zipoe kabisa kwenye sinia, za moto zinavunjika. Sukari ya unga unanyunyiza mwisho.

MASWALI

Swali: Naweza kutumia siagi ya kopo, samli bei imepanda
Jibu: Utapata kitu cha kula lakini usikiite kahk 😂 Bora upike nusu kilo ya unga kwa samli ya kweli.

Swali: Sina oveni shoga
Jibu: Palia mkaa kama keki, sufuria na mchanga chini, moto mdogo chini na makaa mengi kidogo juu ya mfuniko, chungulia mapema maana chini zinawahi kuungua.

Swali: Kikoleo hicho huku Mombasa sijakiona
Jibu: Uma unatosha mamangu, choma mistari. Michoro sio pambo tu, sukari inashikilia pale.

Swali: Mimi Mkristo naona rafiki yangu wa Misri anazo kila Krismasi, si ulisema za Idi?
Jibu: Ndio, Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, nao wanazipika Krismasi yao tarehe 7 Januari na Pasaka, mapishi yale yale, na majirani wanapelekeana sahani.

Swali: Zinakaa muda gani?
Jibu: Kwenye bati lenye mfuniko wiki 2 au 3 bila friji, ila usizitie sukari zote, nyunyizia zile unazopeleka mezani, zingine ukizitia mapema zitalowana.