Asidi ya betri ikimwagika ndani ya gari, usiiamini hata ikikauka

Naandikia hasa wale wanaobeba betri za sola kwa gari zao za kawaida, betri imewekwa nyuma ya siti au kwa buti, haina kamba haina beseni. Mimi ilinipata Likoni, pale kivuko cha Mombasa. Bahari ilikuwa imekupwa, na anayevuka feri anajua maji yakipwa ule mteremko wa kuingilia unakuwa mkali, sasa nashuka nikaskia kishindo nyuma ya siti yangu, kugeuka betri imelala ubavu na vifuniko viwili vinavuja. Nikaisimamisha, nikapangusa na kitambaa, nikafungua vioo vyote, jioni nikaona kapeti imekauka basi nikajua yameisha.

Siku tatu baadae mke wangu akafua leso aliyokuwa ametandika siti ya nyuma, alipoianika akaniita niione. Mji wake wa katikati mzima, maandishi ya jina mazima, lakini pindo la upande mmoja limetoboka toboka, na ukishika ule uzi unasagika kwa vidole kama karatasi iliyoungua. Hapo ndo nikaingiwa na hofu, manake watoto wangu walikuwa wamekalia siti hiyo hiyo.

Ndani ya betri mna asidi ya salfuriki na maji, asidi yenyewe ni kama thuluthi moja na kitu. Kwa jua letu maji yanaenda haraka, lakini asidi haiendi popote, inabaki kwa kapeti na inazidi kuwa kali kadri maji yanavyopungua. Afu usiku hewa ya pwani ina unyevu, asidi inauvuta ule unyevu, ndo maana asubuhi unakuta kapeti ina majimaji yanayonata na hujamwaga kitu. Kwa hivyo kukauka si kupona, ni lazima uiue.

Kabla ya yote linda macho na mikono. Vaa miwani ya kufunika, glavu za mpira, nguo kuukuu usiyoijali na viatu vya kufunika. Milango yote wazi, hakuna sigara, manake betri inatoa gesi inayoshika moto. Ikikurukia jichoni ni maji safi yanayotiririka dakika 15 bila kuacha halafu hospitali, usitie maziwa wala soda wala kitu kingine chochote, na ikigusa ngozi pia ni maji mengi. Toa betri iliyovuja uiweke kwa beseni la plastiki ikiwa imesimama. Halafu toa waya wa negativu kwa betri ya gari yenyewe, negativu kwanza, na usubiri dakika kadhaa kabla hujagusa siti, manake chini ya siti nyingi kuna soketi ya manjano ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali, na hiyo haichezewi ikiwa na umeme.

Dawa ni bekin soda. Sio bekin pauda, hiyo imeshachanganywa na asidi yake na wanga, haina nguvu ya kazi hii. Na kikopo kimoja kidogo cha dukani hakitoshi, piga hesabu: lita 1 ya asidi ya betri inakula karibu gramu 800 za soda, mimi ilimwagika kama nusu lita nikanunua nusu kilo, nikarudi tena dukani. Magadi ya kupikia nayo yanafanya kazi ukikosa. Usitumie siki wala ndimu, hizo ni asidi juu ya asidi. Na hapa naomba unisikilize sana, usimwage blichi, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, manake ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini na wewe umeinamia ndani ya gari.

Pia usikimbilie mpira wa maji. Ukianza na maji mengi unaisukuma asidi kwenye felti iliyo chini ya kapeti na kwa waya, unaigeuza shida ya kiraka kimoja kuwa ya gari zima. Nyunyiza soda kavu kwanza, nyingi, anzia pembeni ukija katikati ili isitambae. Itatoa povu na kuchemka chemka, ikitulia zoa na kipande cha plastiki utie kwa mfuko, nyunyiza tena. Ikiacha kutoa povu ndo unachanganya vijiko vikubwa 6 vya soda kwa lita 1 ya maji, unamimina kidogo kidogo, unafyonza na sponji, unarudia. Povu ndo kipimo chako, likitoka bado kuna asidi.

Kosa wanalofanya wengi ni kuishia juu ya kapeti. Ng'oa siti, Toyota nyingi ni bolti nne spana 14, ondoa ile plastiki ya mlangoni halafu inua kapeti. Chini yake kuna felti nene, na hiyo ndo imekunywa asidi yote. Mimi nilipoinua yangu ilikuwa nyeusi na inakatika kama mkate uliolowa chai, na chini bati limeshaanza kutoa kutu ya rangi ya chungwa, siku ya sita tu. Felti usihangaike kuiosha, kata kipande kilichoharibika utoe uweke kipya. Kapeti ikiwa ya nailoni na nyuzi zinang'oka ukivuta, hiyo pia imeenda. Kama bado imeshikana, iloweke kwa maji ya soda, isuuze mara mbili tatu na uianike juani siku mbili hadi ikauke kabisa, manake chumvi inayobaki pia inavuta unyevu.

Mshipi wa siti ukiguswa na asidi, badilisha. Usiuangalie kwa macho ukasema uko sawa, nyuzi zinaweza kuwa zimeoza ndani na utajua siku ya ajali.

Bati lenyewe lioshe na maji ya soda mpaka povu liishe, halafu maji safi kidogo, kausha. Sugua kutu yote na brashi ya waya kisha msasa mpaka uone chuma cheupe, paka dawa ya kutu, praima, halafu rangi. Usipake rangi juu ya kutu eti itafunikwa na kapeti, kwa chumvi ya hewa yetu hiyo sakafu itatoboka. Ingia na chini ya gari uangalie, manake paipu za breki na za mafuta zinapita huko, na kama asidi imepenya kwa matundu ya vile vizibo vya mpira itakuwa imezifikia.

Waya zifuate moja moja. Ukiona shaba imegeuka kijani au soketi ina unga mweupe, muite fundi wa waya akate kipande kile aunge kingine kwa solda, asizungushe tepu juu tu. Angalia pia pale waya za negativu zinapofungwa kwenye bodi, pakishaliwa unaanza kupata taa zinazofifia na hujui zimeanzia wapi.

Betri iliyomwagika usiijaze maji ya betri. Maji ni ya kurudisha maji yaliyokauka na jua, lakini hapa kilichopotea ni asidi yenyewe, ukitia maji tu utabaki na betri dhaifu. Mpelekee fundi mwenye haidromita, kile kifaa cha kupima ukali wa asidi, arudishe asidi ya kipimo kile kile, ikishachajiwa isome kama 1.265 hivi kila chumba, na kama sahani za ndani ya betri zilikaa wazi bila asidi siku nyingi nunua nyingine. Ile takataka uliyozoa ina madini ya risasi, usiimwage karibu na kisima wala uani watoto wanapocheza. Sisi wa Mombasa tumeona risasi ya betri ilivyowafanya wenzetu wa mtaa wa Owino Uhuru waliokaa karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri, mpaka mwanaharakati Phyllis Omido akapata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015 kwa kuwapigania, na mwaka 2020 mahakama hapa hapa ikawaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri iliyokufa mrudishie anayeuza betri mpya, wengi wanakupunguzia bei.

Kabla hujarudisha siti, subiri wiki moja gari ikiwa bila kapeti upande ule. Mimina maji ya soda kijiko kimoja kwenye kona za bati na kwa reli za siti, uinamishe kichwa uangalie karibu. Kama hakuna hata kapovu kamoja, tandika felti mpya, funga bolti, rudisha waya wa negativu.