Somo: Mipangilio ya nchi na ya ofisi kwenye Tekla Structures (soma kwanza, ndipo uulize)

Wakuu, salaam. Tekla Structures ni programu ya kuchora majengo ya chuma na zege kwenye kompyuta. Wiki hii pekee watu wanne wamenipigia na swali lile lile: "Mbona mchoro wangu unatoka na nembo ya ofisi niliyoacha kazi mwaka jana?" Wa nne alinikuta kwenye mwendokasi, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye simu, tumebanana kutoka Kimara. Nikamwambia naandika mara moja, na atakayeuliza tena namtumia huku.

1. Programu ikifunguka inakuuliza Environment, Role na Configuration. Usibonyeze OK kwa mazoea. Environment ndiyo nchi: humo mna orodha ya vyuma, madaraja ya nguvu ya zege, saizi za nondo, namna ya kukunja na sura ya michoro. Ofisini kwetu tunatumia ya Uingereza, maana orodha zetu za kukunja nondo zinafuata BS 8666, kiwango cha Uingereza cha kukunja nondo. Ukichagua ya Marekani ya inchi, nondo iitwayo #4 ina kipenyo cha 12.7 mm, siyo 12 tunayonunua Buguruni. Mita moja ya nondo ya 12 ni kilo 0.888, ya #4 ni karibu kilo 0.994. Orodha ikikuambia tani 10, ujue tani moja na kitu ni ya Marekani, na pesa ya kuinunua ni ya mteja wako.

2. Role: chagua kazi unayofanya, zege au chuma. Basi.

3. Tengeneza folda mbili kwenye seva, moja ya kampuni na moja ya mradi. Kila mradi uwe na yake.

4. Nenda File, kisha Settings, kisha Advanced options, kundi la File locations. XS_FIRM ielekeze folda ya kampuni, XS_PROJECT ya mradi. Funga programu, fungua upya. Mkiwa wengi ofisini, iandikeni kwenye faili la .ini linaloitwa na ile shotikati ya kufungulia programu, ili kila mmoja apate kitu kile kile bila kutegemea kumbukumbu yake.

Anwani iandikwe kwa jina la seva, mfano \\seva\tekla\kampuni. Usiandike Z:\tekla. Z yako kwa jirani ni Y, na kwa kijana wa field hakuna hata moja. Kwetu folda isipoonekana sikuona kelele yoyote: kazi iliendelea kwa mipangilio ya kiwandani, na tuligundua siku ya kuprinti.

5. Hapa ndipo nilipochomwa, kwa hiyo someni polepole.

Programu ikitafuta faili la mipangilio, inaanzia kwenye folda ya modeli yenyewe. Ikikosa, inaenda ya mradi, halafu ya kampuni, mwisho kabisa ile ya mfumo iliyokuja na programu. Ikilipata mahali, inaishia hapo hapo. Haiangalii lipi jipya, haiangalii lipi la bosi.

Tulikuwa na ghorofa nne Kigamboni, bahari unaisikia ukiwa saiti. Injinia akataka kava (unene wa zege unaofunika nondo) ya 40 mm kwenye nguzo. Nikabadilisha faili la standard (lile ambalo programu inalisoma yenyewe usipochagua jingine) kwenye folda ya kampuni, nikatangaza ofisini, nikaenda kunywa chai. Nilichosahau ni kwamba modeli ile niliianzisha kwa kunakili ya mradi wa nyuma, na ndani yake kuna folda inaitwa attributes. Humo lilikuwa limelala faili la standard la zamani, kava 25. Basi programu ikawa inalisoma hilo kila siku, na la kampuni halikuguswa.

Msimamizi wa saiti ndiye aliyenipigia. "Bwana, biskuti zimekuja za 40, ringi hazikai." Biskuti ni vile vipande vinavyotenga nondo na fomu ili kava ipatikane, ringi ni zile nondo zinazozunguka nguzo. Nguzo ni 300 kwa 300. Ringi ilitakiwa iwe 220 nje kwa nje, zikakunjwa za 250 kutoka kwenye orodha yangu. Nilipofika zilikuwa zimefungwa kwa waya mafungu mafungu, zimepangwa vizuri kabisa, zote mbovu. Fundi nondo hakunilaumu, alinitazama tu.

Kwa hiyo:
– Ukianzisha modeli kwa kunakili nyingine, fungua attributes kabla hujachora hata mstari mmoja. Usilolijua liondoe.
– Ukibonyeza Save ndani ya dirisha la mipangilio, faili linaingia kwenye modeli, haliendi kwenye folda ya kampuni. Ukilisevu kwa jina la standard, umeshaifunika ofisi nzima bila kujua.
– Ukigusa orodha ya vyuma na kukubali kusevu, profdb.bin, ndilo faili la orodha hiyo, inakaa kwenye modeli. Kuanzia hapo modeli hiyo ina orodha yake peke yake, hata ofisi ikiongeza vyuma vipya.

6. Project properties: jaza jina la mradi, namba na mteja. Jedwali la kona ya chini kulia linachota humo. Picha ya nembo ikae kwenye folda ya pamoja. Ikikaa kwenye desktop yako, wenzako wataona kiboksi kitupu.

7. Usiweke vitu vyako ndani ya folda za mfumo kule ProgramData. Kila toleo lina folda zake, ukipandisha toleo kazi yako inabaki nyuma.

Nimemaliza. Ulizeni.

MASWALI

Mzee wa Tabata: Mkuu nimefuata yote, haikubali.

Jibu: Haikubali nini? Hatua ya ngapi? Umeona nini kwenye skrini?

Mzee wa Tabata: Nembo ni ile ile.

Jibu: Hatua ya 5. Hukuisoma.

Mzee wa Tabata: Ni ndefu sana mkuu.

Jibu: Ringi nazo zilikuwa nyingi sana.

Kijana wa Field: Bro nisaidie crack, na kama inawezekana nitumie folda ya ofisi yenu nianzie hapo.

Jibu: Crack sina. Kama ni mwanafunzi, Tekla wana leseni ya bure ya kusomea. Folda ya ofisi ni mali ya ofisi.

Dada wa Zege: Asante kwa somo. Swali langu: nikibadilisha kava kwenye faili la kampuni leo, nondo nilizochora jana zinajibadilisha zenyewe? Au niziguse moja moja?

Jibu: Hili ndilo swali nililotaka mtu aulize. Hazijibadilishi. Faili ni kama kibao cha chapati: ukibadilisha kibao, chapati zilizokwisha kuiva zinabaki na umbo lake. Unachofanya: pakia faili jipya kwenye dirisha, weka tiki kwenye kava peke yake, nyingine zote toa tiki, chagua nondo zote za nguzo, bonyeza Modify. Ukiacha tiki zote utabadilisha na saizi na namba kwa mkupuo, halafu utalia. Ukimaliza, rudia Numbering (kuzipa nondo namba upya) kabla ya kutoa orodha. Na ukitaka kujua ni faili lipi linasomwa, funga programu, lile la kwenye modeli lipe jina lingine, fungua tena. Thamani ikibadilika, mchawi umempata.

Injinia Mstaafu: Kijana, huo ufuasi wa Uingereza mwisho lini? BS 8110 na BS 5950, viwango vya kubuni zege na chuma, ziliondolewa mwaka 2010. Unafundisha watu vitu vilivyokufa.

Jibu: Mzee wangu shikamoo. Nimetaja BS 8666, na hiyo iko hai, toleo lake la 2020 lipo. Inahusu kukunja na kupanga orodha, haipigi hesabu ya uimara. Ukibuni kwa Eurocode, viwango vya Ulaya, orodha yako ya nondo inabaki ile ile.

Injinia Mstaafu: Marahaba. Hapo sawa. Basi waambie na kipenyo cha kukunjia, maana wanachora kona ambazo chuma hakiwezi.

Jibu: Kweli, nilisahau. Kwa BS 8666, nondo hadi ya 16 inakunjwa kwenye pini yenye kipenyo cha mara 4 ya nondo, na kuanzia 20 ni mara 7. Nondo ya 12 inataka pini ya 48 mm, ya 20 inataka 140. Tekla inachukua hizo kutoka rebar_database.inp. Lifungue kwa Notepad uangalie, usilihariri kama huna nakala.

Fundi Bunju: Saiti zetu pini ni moja, ya nondo zote. Ya 20 tunaikunja hapo hapo, inapasuka mgongoni.

Jibu: Fundi, piga picha hiyo umpe injinia wako. Siyo kosa lako, pini ndogo ndiyo inayoipasua. Uagizwe bomba la saizi uvishe juu ya pini, kazi ya nusu saa.

Dada wa Zege: Nyongeza ndogo: laptop yangu ya mtumba ilikuja na Windows ya Kijerumani. Orodha nikiipeleka Excel, 1.58 inageuka tarehe au maandishi, jumla ya kilo haiji.

Jibu: Region kwenye Windows, badilisha alama ya desimali iwe nukta. Kosa hili limewahi kunila Jumamosi nzima, nikidhani Tekla ndiyo mbovu.

Fundi Bunju: Na hizo orodha muwe mnaprinti maandishi makubwa. Saa kumi jioni chini ya slabu hatuoni.

Jibu: Nimekusikia. Jumatatu naongeza saizi kwenye template ya kampuni. Ya kampuni, siyo ya modeli.