Kifuniko cha chupa kikigoma: kwanza jua kimeshikwa na nini

Napika achari ya embe na jamu ya nanasi nyumbani kwangu Tanga, nauza kwa chupa. Malalamiko ninayopokea sana si ya chumvi wala pilipili. Ni simu ya asubuhi: "Mama, mkate uko mezani, chupa haifunguki." Nami kabla ya kusema lolote huuliza: chupa ni mpya au ulishaifungua? Maana hizo mbili haziumwi ugonjwa mmoja. Wengi hukimbilia nguvu. Ataitwa baba, ataitwa kijana wa jirani, chupa inazungushwa nyumba nzima kama mgonjwa anayetafutiwa mganga.

Hatua ya 1: Kausha, kisha shika kwa mpira

Futa chupa, futa kifuniko, nawa mikono kwa sabuni uikaushe. Mikono iliyotoka kukaanga vitunguu haifungui kitu. Halafu usishike kwa kanga, kwa sababu kitambaa kikavu huteleza juu ya bati. Mimi nina kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa vidole viwili, nakizungusha mara mbili ukingoni mwa kifuniko na kukivuta kikaze. Raba bendi pana inafaa, glovu za mpira za kuoshea vyombo nazo zinafaa. Bana chupa tumboni, shika kifuniko kwa kiganja kizima badala ya ncha za vidole, zungusha kinyume cha mishale ya saa. Usicheke, nimeona mtu mzima akikaza badala ya kulegeza, jasho linamtoka.

Zaidi ya nusu ya simu zangu huishia hapa.

Hatua ya 2: Chupa mpya, iingizie hewa

Hapa ndipo penye siri, na mimi mwenyewe ndiye niliyeiweka. Jamu naijaza ikiwa ya moto sana na kufunga papo hapo. Mvuke wake unakuwa umesukuma hewa nje. Chupa ikipoa, mvuke unarudi kuwa maji, juu ya jamu panabaki karibu patupu, na hewa ya nje inakikandamiza kifuniko. Usiku nikiwa nimelala nasikia vifuniko vinalia tik, tik jikoni, kimoja kimoja, katikati yake panabonyea. Kwangu mimi huo ni muziki, maana jamu imefungika vizuri.

Ila kwako wewe ni kazi. Hewa tunayoishi ndani yake hukandamiza kwa kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kifuniko cha upana wa sentimita 7 kina sentimita za mraba 38 na ushee. Hata hewa ikiwa imetoka nusu tu, ni kama umekitwika karibu ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Sasa unataka kukizungusha na ndoo yake juu?

Itue ndoo kwanza. Chukua kijiko cha chai, kile kigumu kisichopinda. Penyeza ncha yake kati ya ukingo wa kifuniko na kioo, kisha nyanyua taratibu kama unayefungua soda. Haikukubali, sogea kidogo, jaribu upande mwingine. Mahali pa tatu au pa nne utasikia tik, na pale katikati palipobonyea patainuka. Basi, hewa imeingia, hata mtoto atafungua.

Kisu hapana. Miaka ya nyuma nilitumia kisu, kikateleza kikaingia kiganjani, na mdomo wa chupa ukamegeka. Nilimwaga jamu nzima, kwa kuwa punje ya kioo ndani ya jamu huioni.

Hatua ya 3: Iliyokwisha kufunguliwa, mara nyingi ni sukari

Jamu au asali ikichuruzika kwenye mdomo wa chupa na ukafunga hivyo hivyo, ikikauka inashika kama gundi. Kijiko hakisaidii hapa, dawa yake ni maji ya moto. Mimina kwenye sahani ya shimo yafike kimo cha kifuniko tu, pindua chupa kichwa chini, iache dakika mbili au tatu. Sukari inalegea, na bati nalo hutanuka kuliko kioo, kwa hiyo kifuniko kinapata nafasi. Kausha, funga mpira wako, zungusha.

Chupa iliyotoka kwenye friji iache kwanza ipoteze ubaridi. Kioo baridi kikikutana na maji yanayochemka kinapasuka. Kifuniko cha plastiki nacho kipe maji ya uvuguvugu, la sivyo kitapinda.

Hatua ya 4: Achari na kutu

Chumvi na siki hula bati. Ukiona wekundu ukingoni, dondoshea mafuta ya kupikia kuzunguka mshono, subiri robo saa, gongagonga ukingo pande zote kwa mwiko, kisha fungua. Kifuniko hicho usikirudishe. Kama kutu imeanguka ndani, achari nayo iage.

Yote yakishindikana, toboa kifuniko kwa msumari. Hewa itaingia, kitafunguka, ila kifuniko ndiyo kimekwisha. Hamishia vilivyomo kwenye chombo kingine safi.

Usiifungue kabisa

Kifuniko cha chupa mpya kilichovimba juu badala ya kubonyea ndani usihangaike nacho. Humo ndani kuna kilichooza kikatoa gesi, tena vipo vijidudu vinavyotoa sumu bila kubadili harufu wala ladha. Usionje hata kwa ncha ya kidole. Tupa ilivyo, mbali na watoto na kuku.

Na ukishafungua chupa yako salama, kila ukimaliza kupaka mkate pitisha kitambaa chenye maji ya moto mdomoni mwa chupa na ndani ya kifuniko, kisha kaza mpaka kigote, usiongeze. Wateja wangu wanaofanya hivyo wananipigia kwa jambo moja tu: jamu imekwisha.