SGX kwenye Linux: kama enklevu yako hufa ukifunika laptopu

Juzi kijana ninayefanya naye kazi alinipigia simu saa mbili usiku. Programu yake ilikuwa sawa kabisa ofisini Westlands. Akafunika laptopu, akapanda matatu ya Rongai pale Railways, akala jamu yote ya Lang'ata Road, na alipoifunua nyumbani ikagoma. "Mzee, nimekagua kila kitu." Ananiita mzee na sijafika hata arobaini. Nilicheka, maana ugonjwa huo ulinimalizia Jumamosi nzima mwaka jana. Hizi ndizo hatua tulizopitia. Ukitaka jibu la haraka, ruka hadi ya tano.

Kwa asiyejua: SGX ni uwezo wa prosesa za Intel wa kutenga kipande cha RAM kiitwacho EPC na kukifumba kwa ufunguo usiotoka kwenye chipu. Programu hujenga humo enklevu yake, yaani chumba cha siri cha kodi na data. Kerneli, yaani moyo wa Linux, hugawa kurasa za EPC na kuzihamisha, ila haiwezi kuzisoma. Ni kama mlinzi wa jengo anayepanga nani apewe chumba kipi, bila funguo za vyumba.

Hatua ya 1: Prosesa

`grep -o -w -E 'sgx|sgx_lc' /proc/cpuinfo | sort -u`

Unahitaji maneno yote mawili: `sgx` ni SGX yenyewe, na `sgx_lc` humwachia mwenye mashine aamue enklevu zipi zianzishwe. Draiva iliyo ndani ya Linux tangu toleo la 5.11, la mwaka 2021, hukataa mashine isiyo na `sgx_lc`. Laptopu nyingi za ex-UK zinazouzwa Luthuli na Moi Avenue, za kizazi cha 6 na cha 7, zina SGX lakini hazina hiyo ya pili. Na usidhani ukinunua mpya ndio utakuwa salama: Intel iliondoa SGX kwenye Core kuanzia kizazi cha 11. Siku hizi iko kwenye Xeon za seva.

Hatua ya 2: BIOS

Weka SGX kuwa Enabled, wala si Software Controlled. Ukiulizwa ukubwa, chagua 128 MB. Washa upya.

Hatua ya 3: EPC unayo kiasi gani

`sudo dmesg | grep -i sgx`

Kwangu ilitoka `EPC section 0x70200000-0x75f7ffff`. Piga hesabu: ni 93.5 MB, yaani kurasa 23,936 za baiti 4,096. Zile nyingine kati ya 128 zimeliwa na prosesa kwa kumbukumbu zake za ulinzi. Usihangaike na `free -h`, haioni EPC hata kidogo. Kuanzia kerneli 5.17 unaweza pia kusoma `/sys/devices/system/node/node0/x86/sgx_total_bytes`.

Kurasa huru zikishuka chini ya 32, uzi (thread) wa kerneli uitwao `ksgxd` huamka na kuhamishia nyingine kwenye RAM ya kawaida zikiwa zimefumbwa, hadi zilizo huru zifike 64. Ukiona `ksgxd` iko juu kwenye `top`, enklevu yako ni kubwa mno. Ipunguze. Kuna watu huongeza RAM wakidhani itasaidia, na RAM haina neno hapo.

Hatua ya 4: Ruhusa

Jiongeze kwenye kundi linalomiliki `/dev/sgx_enclave`. Kwenye systemd za karibuni linaitwa `sgx`. Kama `mmap` inarudisha EPERM (umenyimwa ruhusa), angalia kama `/dev` imepachikwa na `noexec`, yaani marufuku ya kuendesha kodi, kisha: `sudo mount -o remount,exec /dev`.

Hatua ya 5: Usingizi

Hapa ndipo Jumamosi yangu ilipoishia. Nilishuku kodi yangu, nikashuku kerneli, nikaikusanya upya mara mbili. `dmesg` kimya. Kwenye kompyuta ya mezani ofisini tatizo halikutokea hata mara moja, kwa sababu ile haikuwa inalala.

Mashine ikiingia S3, usingizi mzito ambao RAM hubaki na umeme lakini prosesa huzimwa, ule ufunguo wa EPC hupotea. Ikiamka, kerneli bado inahesabu kurasa zako kuwa ni zako, lakini ndani yake hamna kitu. Na usifikiri zile ambazo `ksgxd` alikuwa amezihamishia RAM zimesalimika. Ili ukurasa urudishwe, prosesa hulinganisha namba ya toleo lake, na namba hizo huwekwa kwenye kurasa maalum, 512 kwa kila ukurasa, nazo ziko ndani ya EPC hiyohiyo. Zimekwenda na maji.

Kwanza hakikisha ndio ugonjwa wenyewe:

`cat /sys/power/mem_sleep`

Mabano yakiwa kwenye `deep`, unalala S3. Kisha lazisha mashine kwa sekunde 20 badala ya kufunikafunika laptopu:

`sudo rtcwake -m mem -s 20`

Ukiingia kwenye enklevu baada ya hapo, `__vdso_sgx_enter_enclave`, wito wa kuingilia humo, itakuletea hitilafu. Soma `exception_vector`, namba ya hitilafu hiyo: prosesa zenye SGX1 pekee hutoa 13, zenye SGX2 hutoa 14. Shika zote mbili. Kijana wangu alikuwa ameshika 14 tu, na laptopu yake ni ya kizazi cha 8.

Dawa ni kujenga enklevu upya, na mpangilio wake ndio unaoumiza:

Toa nyuzi zote za programu ndani ya enklevu kwanza. Kila moja itakutana na hitilafu ileile, na ukiziacha kila moja itajaribu kujenga enklevu yake. Weka kufuli, ijenge moja, nyingine zingoje.

Kisha `munmap` eneo lote la zamani na ufunge faili lake. Ukisahau moja kati ya hayo, kerneli haitaachilia kurasa zile mfu. Utalala na kuamka mara chache, EPC iishe, uanze kulaumu `ksgxd`.

Ndipo ufungue `/dev/sgx_enclave` upya, uunde, uongeze kurasa, uanzishe.

Data nayo? Isiyotiwa lakiri (kufumbwa kwa ufunguo ambao enklevu pekee huupata) na kuandikwa diskini haipo tena. Mimi hutia lakiri kila badiliko linapokamilika. Kungoja dalili za usingizi ni kamari, maana betri haibishi hodi. Chagua ufunguo wa MRSIGNER, unaofuata aliyetia saini enklevu, kwa sababu ukitumia MRENCLAVE, unaofuata kodi yenyewe, ukibadilisha mstari mmoja wa kodi umejifungia nje. Lakini lakiri haizuii mtu kukurudishia faili la wiki jana. Kama una salio au namba za zamu humo, weka kihesabu kwenye seva nyingine.

Wengine watakuambia utumie amri ya `systemd-inhibit` kuzuia usingizi. Mimi sipendi. Laptopu iliyo macho ndani ya begi kutoka mjini hadi Rongai inafika ikiwa jiko. Na mashine pepe (VM) ikihamishiwa seva nyingine, enklevu hupotea vilevile, na hapo hakuna kifuniko cha kuzuia.

Hatua ya 6: Jaribio

Endesha `rtcwake` mara kumi mfululizo huku programu ikifanya kazi. Ya kijana ilianguka mara ya nne: alikuwa amesahau `munmap`.