Badilisha tairi la nyuma la pikipiki nyumbani kabla ya masika

Huku Moshi masika huanza Machi, na ikifika Aprili njia za kuingia vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba, ni utelezi mtupu. Udongo mwekundu wa Kibosho ukishiba maji hujaa kwenye kashata za tairi, vile vipande vya mpira vilivyochomoza, na kashata zikiwa fupi udongo hautoki tena. Unabaki unateleza juu ya matope uliyoyabeba mwenyewe. Ndiyo maana tairi la nyuma nalibadilisha Februari, na nalibadilisha mwenyewe uani kwangu.

Mimi ni afisa ugani, bila pikipiki siwafikii wakulima. Naandika kwa wenzangu wa kazi za namna hii, wauguzi na walimu wa shule za juu mlimani, na hasa kina mama walioambiwa kwamba kung'oa tairi kunataka misuli. Hakutaki. Kunataka kuelewa rimu ilivyotengenezwa.

Kwanza hakikisha kweli limeisha. Ubavuni mwa matairi mengi kuna herufi TWI au pembetatu ndogo. Ifuate hadi kwenye mifereji ya tairi, utaona kinundu cha mpira chini ya mfereji. Kashata zikishalingana na kinundu hicho, hilo ni kipara hata kama kwa macho linaonekana lina uhai. Mimi kwa njia zetu sisubiri lifike hapo. Angalia pia nyufa ubavuni, maana pikipiki inayolala juani hupasuka matairi kabla kashata hazijaisha.

Dukani usitaje jina la pikipiki tu, taja namba iliyoandikwa kwenye tairi la zamani. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 tunazoendesha huku zinavaa 3.00-17 nyuma na 2.75-17 mbele: namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Kisha tafuta tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. Mara ya mwisho muuza vipuri aliniambia, "Hili jipya kabisa, mama, ona hata vinyweleo vyake." Nikamwambia, "Nimeviona, kaka, sasa nigeuzie ubavu." Ilikuwa 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umening'inia dukani, na mpira mkavu haushiki barabara yenye maji. Nikamwomba lingine. Nunua na tyubu mpya ya namba hiyohiyo. Tyubu ya zamani imeshatanuka, ukiivalisha tairi jipya inajikunja, na kwenye mkunjo ndipo inapochanika.

Vifaa ni vichache: spana za nati ya ekseli na nati za breki (pima kabla hujaanza, usije ukakwama jioni), koleo, vyuma vitatu bapa vya kung'olea tairi vyenye ncha ya mviringo, pampu ya mguu, kipima upepo, sabuni ya maji na poda ya mtoto. Bisibisi iache ndani. Ncha yake ni kali, itakutoboa tyubu na kukwaruza rimu.

Asubuhi anika tairi jipya juani. Hapa mjini jua la Februari linatosha kabisa kulilainisha, na utofauti utausikia mikononi.

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, mahali pagumu na tambarare. Pikipiki ikiwa imepoa, fungua nati iliyo mwisho wa fimbo ya breki, kisha nati ya chuma kinachozuia kifuniko cha breki kisizunguke. Toa pini ya ekseli kama ipo, legeza nati yake, legeza na vikaza cheni pande zote mbili. Sukuma gurudumu mbele, shusha cheni kutoka kwenye sproketi, vuta ekseli. Kila kinachotoka, hasa zile bushi za pembeni, kipange kwenye gunia kwa mfuatano kilivyotoka. Ukifungua kifuniko cha breki usipulize vumbi la ndani, si zuri kwa mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi, na mikono yenye grisi isiguse breki shuu.

Sasa ndiyo penyewe. Toa sindano ya vali, upepo wote uishe, kisha fungua nati ya vali. Laza gurudumu juu ya vipande viwili vya mbao ili sproketi isikae chini. Ukingo wa tairi, ule unaokaa ndani ya rimu, una waya wa chuma usiotanuka hata kidogo. Watu wanasahau hilo, wanavuta kwa nguvu zote wakidhani mpira utavutika, matokeo yake rimu inapinda au ukingo unakatika. Lakini tazama rimu kwa ndani: katikati ina bonde. Kina cha bonde hilo ndicho kinachokupa nafasi. Ni kama kuvua bangili, unakunja kwanza kidole gumba kiganjani ndipo inapita.

Kwa hiyo kanyaga tairi kwa kisigino karibu kabisa na rimu, zunguka nalo hadi ukingo wote ubanduke, kisha geuza ufanye upande wa pili. Likigoma, paka maji ya sabuni na uache kidogo kabla ya kurudia. Piga magoti juu ya tairi upande ulio mkabala na vali, ukingo wa hapo uzame bondeni. Magoti yasitoke. Ingiza chuma cha kwanza karibu na vali na ukiinamishe, cha pili sentimita chache pembeni yake, kisha cha tatu. Ukiona chuma kinagoma, usiongeze nguvu. Angalia nyuma yako, bila shaka ukingo umepanda kutoka bondeni. Uzamishe tena. Nusu ya ukingo ikishatoka, iliyobaki hutoka kwa mkono. Vuta tyubu, kisha ng'oa ukingo wa pili kwa namna hiyohiyo.

Kabla ya kuvalisha jipya, pitisha kitambaa ndani ya rimu yote. Kikinasa, pana ncha ya spoku iliyochomoza. Isugue kwa tupa. Ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku ukiwa umekatika, badilisha, kwa sababu pancha nyingi zisizoeleweka zinatokea hapo. Gongagonga spoku moja moja, inayotoa sauti iliyofifia imelegea. Zungusha pia bearingi kwa kidole, ikikwaruza inunuliwe sasa hivi gurudumu likiwa nje.

Tafuta mshale ubavuni mwa tairi jipya, unaonyesha upande gurudumu linakozungukia ukienda mbele. Kama kuna nukta ya rangi, iweke kwenye vali. Paka sabuni kwenye kingo, kamwe usipake oili wala petroli, vinakula mpira. Ukingo wa kwanza utaingia karibu wote kwa kusukuma. Pulizia tyubu upepo kidogo tu ipate umbo, ipake poda, iingize na vali yake, na nati ya vali ishike nyuzi mbili tatu bila kukazwa.

Ukingo wa pili anzia mkabala na vali, malizia kwenye vali. Wengi hufanya kinyume, kisha kile kipande cha mwisho kinawashinda, kwa sababu vali yenyewe imelijaza bonde na ukingo hauna pa kushukia. Kipande cha mwisho kiingize kidogo kidogo, ncha ya chuma isizame ikafikia tyubu. Ukimaliza, sukuma vali ndani kisha iachie, ili tyubu isibanwe chini ya ukingo.

Jaza upepo ukitazama ule mstari mwembamba wa ubavuni unaozunguka sambamba na rimu. Lazima uwe umbali uleule kila mahali, pande zote mbili. Ukizama sehemu moja, toa upepo, ongeza sabuni, jaza tena. Mwisho weka kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Changu kinasema nyuma psi 28 nikiwa peke yangu na psi 32 nikibeba mtu. Nati ya vali usiikaze kwenye rimu, ibanane na kofia yake huko juu. Tyubu ikihama utaona vali imelala upande, na utarekebisha kabla haijang'oka.

Kurudisha gurudumu ni kufuata gunia lako kinyumenyume. Alama za vikaza cheni zilingane kushoto na kulia, cheni icheze sentimita 2 hadi 3 katikati, na chuma kinachozuia kifuniko cha breki kirudi na nati yake na pini yake. Hicho kikisahaulika, siku ukikanyaga breki kwenye mteremko kifuniko kizima kinazunguka na gurudumu linajifunga. Zungusha gurudumu kwa mkono, kanyaga breki mara kadhaa, hakikisha linasimama na linaachia.

Tairi jipya huwa na utelezi wa kiwandani juu yake, kwa hiyo siku za mwanzo endesha taratibu kwenye kona, na ziwe siku kavu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoingoja Machi. Kesho yake asubuhi pima upepo tena na ujaribu nati ya ekseli kwa spana kabla hujatoka.